Je, wajua kwa nini mahakama humlipa mtu fidia ya jina lake hata asipokuwa na risiti?

Tuseme mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, huchukua magunia ya wakulima kwa mali kauli na kuwalipa akishauza. Hana rehani aliyoiweka; wanampa mzigo kwa sababu wanalijua jina lake. Asubuhi moja mtu anaandika katika kundi la WhatsApp la wakulima kwamba mizani yake imechezewa. Hakuna anayekwenda kumuuliza. Wakulima wanapita mbele ya stoo yake na kushusha mzigo kwa jirani. Mahakamani ataonyesha nini, ilhali mteja asiyekuja haachi risiti?

Jibu limo katika kanuni za sheria ya Uingereza ambazo Tanzania ilizipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kashfa ikiwa ya maandishi, mdai halazimiki kuthibitisha kwamba amepoteza fedha, kwa kuwa mahakama huchukulia kwamba jina lililochafuliwa limekwisha kupata madhara. Kashfa ya mdomo kwa kawaida huhitaji uthibitisho wa hasara, isipokuwa katika mambo machache, kama vile kumsingizia mtu kosa la jinai linaloadhibiwa kwa kifungo au kumchafua katika kazi yake.

Hapo ndipo panapostahili uangalifu mkubwa, kwa sababu fidia ni za aina mbili. Fidia ya jumla hukadiriwa na hakimu au jaji mwenyewe, akitazama uzito wa maneno, yalifika kwa watu wangapi, mdai ni nani mbele ya watu wake, na kama mdaiwa aliomba radhi mapema au aliendelea kuyarudia. Lakini mfanyabiashara wetu akisema kwamba mkataba fulani ulivunjwa akapoteza kiasi fulani cha shilingi, hiyo ni hasara mahsusi, ambayo lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Hapo risiti zinahitajika.

Kwa kuwa hadhi ya mtu imo katika fikra za wengine, tusi alilotupiwa peke yake chumbani, hata liume namna gani, si kashfa kisheria. Ni lazima maneno yamfikie mtu wa tatu. Ni lazima pia yaandikwe katika hati ya madai kama yalivyotamkwa, na naona ni jambo jema kwamba tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Neno “imechezewa” halitaji wizi, ila kila aliyewahi kusimama mbele ya mizani sokoni anajua linamaanisha nini.

Mdaiwa naye anaweza kujitetea kwamba alichosema ni kweli, na mzigo wa kuthibitisha ukweli huo ni wake. Kuna pia kinga, ambayo wakazi wa Dodoma huiona kwa karibu: Ibara ya 100 ya Katiba humlinda mbunge asishtakiwe kwa maneno aliyoyasema bungeni. Akitoka nje na kuyarudia kwenye mkutano wa hadhara pale Nyerere Square, kinga hiyo haimfuati.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa ana miaka 3 ya kufungua shauri lake, lakini ni vyema asisubiri, kwa maana ujumbe wa simu hufutwa na mashahidi husahau.