Antena ya rimoti si mtutu wa bunduki

Wengi wanaorusha ndege ndogo za rimoti huielekeza ncha ya antena kwenye ndege, wakiamini mawimbi hutokea hapo kama risasi. Ni kinyume chake. Antena ya kawaida, ile ya kijiti, hutoa mawimbi ubavuni, pande zote; nchani ndiko yanakofifia zaidi. Basi ikunje, ubavu ndio uitazame ndege.

Ndani ya ndege, risiva (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti) ya gigahezi 2.4 mara nyingi ina nyaya mbili. Zitandaze kwa pembe ya nyuzi 90, mbali na betri na chochote cha nyuzinyuzi za kaboni. Kile kipande chembamba cha mwisho wa kila waya, kama milimita 31, ndicho antena yenyewe. Usikikate, hata kikikukera kwa kuning'inia.