Naitroksi ya asilimia 32 nayo hudai mtungi uliosafishwa

Wapiga mbizi wengi huamini kwamba naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, isiyofika asilimia 40 ya oksijeni haihitaji mtungi uliosafishwa maalumu kuondoa mafuta. Si kweli, kama mtungi unajazwa kwa kutanguliza oksijeni. Kupata baa 200 (kipimo cha shinikizo) za naitroksi ya asilimia 32, fundi huingiza kwanza takriban baa 28 za oksijeni tupu, ndipo aongeze hewa. Hapo vali na pete zake za mpira hukutana na oksijeni ya asilimia 100.

Oksijeni yenyewe haiungui. Huunguza mafuta, hata grisi ya silikoni. Vali ikifunguliwa ghafla, gesi hubanwa, hupata joto kali, na utando wa mafuta usioonekana kwa macho huweza kuwaka. Hewa ya kuongezea nayo lazima ichujwe mafuta. Bila hivyo mtungi huchafuka upya.