Vesi kuwaka kijani haimaanishi ni ya zamani

"Imewaka kwenye tochi, basi ni ya enzi za Malkia Victoria." Jamani! Karibu kila anayeniletea vesi ya kioo cha kijani anaanza na hiyo, na wengine washalipa bei ya antiki kabla hawajaigeuza hata kuangalia kitako. Tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno), hata ile ya kukagulia noti bandia, inaweza kukwambia kitu kimoja tu, kwamba kwenye kioo kuna urani, yaani madini yenye mionzi, umri haikwambii. Urani-238 inachukua karibu miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, sasa vesi ya 1880 na ya mwaka jana zitapishana nini kwa kuwaka? Josef Riedel alikuwa anavitengeneza vioo hivi kule Bohemia (Czech ya leo) miaka ya 1830, rangi zake akaziita Annagelb na Annagrün kwa jina la mkewe, na kiwanda cha Mosser cha Ohio, Marekani, wanavitoa mpaka leo, Fenton wa West Virginia nao walitoa vingi kabla hawajazima tanuri zao 2011. Vyote vinawaka.

Umri utafute kitakoni. Kama ni ya Uingereza angalia alama ya umbo la almasi, hiyo ni 1842 hadi 1883, kuanzia 1884 wakahamia namba za usajili zinazoanza na Rd, ila hiyo ni tarehe ya kusajili muundo, kalibu ile ile iliweza kutumika miaka mingi baadaye. Njano hafifu yenye ukingo mweupe kama maziwa inaweza kuwa Primrose Pearline ya kiwanda cha Davidson cha Gateshead, Uingereza, patenti ya 1889. Imeandikwa Czechoslovakia? Basi ni baada ya 1918, tusibishane. Halafu mikwaruzo: vesi iliyosogezwa kwenye makabati miaka na miaka ina vikwaruzo vidogo vidogo kila upande pale inapokalia, ukiona vyote vimenyooka njia moja hiyo ni msasa, mtu kaizeesha makusudi, rudisha.

Eti kila kinachotoa kijani ni urani. Hapana, manganizi iliyowekwa kuondoa rangi kwenye kioo nayo inatoa kijani, ila hafifu, urani inawaka kwelikweli hata kwa tochi ya UV ya nanomita 395.

Eti lazima iwe kijani au njano. Kioo kiitwacho Burmese cha kiwanda cha Mount Washington cha Marekani, 1885, ni waridi kinachoishia njano, kina urani na dhahabu, watu wanakipita sokoni kila siku.

Na mionzi, hii naulizwa mpaka nachoka. Mara nyingi urani ni kama asilimia 2 ya uzito au chini yake, weka maua yako bila wasiwasi. Cha kuogopa ni vumbi lake, kwa hiyo naomba sana, msitoboe kitako kugeuza vesi kuwa taa ya mezani, mnavuta vumbi la urani na hapohapo mnaharibu sehemu pekee ambayo ingetuambia ni ya mwaka gani.