Kutomwona Komba Si Kwamba Ameisha

Juzi tena. Tumeketi kijijini Mnara tukisubiri gari la kushuka Lindi, mzee mmoja akaniuliza usiku kucha tulikuwa tunamulika nini msituni. "Komba, babu. Tunawahesabu." Akauliza tumepata wangapi. Jana hatukupata hata mmoja. "Basi wameisha, mjukuu wangu."

Nimechoka kuisikia kauli hiyo, na inaniudhi zaidi ikitoka kwa waliosoma.

Tunayemhesabu ni komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye jina la uwanda wa juu wa Rondo, huku Lindi. Ana gramu 60 hivi, sawa na yai kubwa la kuku. Mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1997 tu. Hung'ang'ania vishina vilivyosimama wima, akiruka kimoja hadi kingine karibu na ardhi, akiwinda wadudu. Sasa mtafute gizani, vichakani, kwa tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu. Jicho lake huwaka kama kaa la moto. La buibui ni kitone cha kijani. Akigeuza kichwa tu, kaa limezimika. Yupo mbele yako, na wewe huna cha kuandika.

Kwa hiyo tunategemea masikio. Wa Rondo hutoa mlio wa vipande viwiliviwili unaobingirika na kujirudia. Mvua ikipiga majani, au upepo ukivuma, unapotea. Na mimi, pamoja na misimu yote hii, bado nasikia nusu mlio nisiweze kuapa. Hapo naandika "komba, hajatambuliwa".

Lakini kubwa ni sifuri. Zamani kiongozi wa timu aliniambia nisijaze fomu za usiku tuliotoka kapa, tusipoteze karatasi. Nilikuwa kijana, nikatii, na hadi leo inaniuma. Fomu isiyojazwa inasema hatukwenda. Sifuri inasema tulikwenda, tukatembea mita kadhaa kwa dakika kadhaa, mwezi ulikuwa hivi, upepo vile, na hatukumpata. Ukizitupa sifuri, atakayesoma baadaye ataamini kila tulipoingia msituni tulimkuta komba.

Tena sifuri zina hesabu yake. Tuseme komba yupo, na kila usiku uwezekano wa kumpata ni nusu kwa nusu. Kumkosa siku tatu mfululizo hutokea mara 1 katika 8, naye yuko palepale. Siku tano, mara 1 katika 32. Ndiyo maana tunarudi kutembea mstari uleule msituni mpaka wapishi wanatushangaa, na ndiyo maana usiku mmoja haumfukuzi mnyama kwenye ramani. Hiyo nusu yenyewe tunaikadiria, na hapa ndipo ninaposita: palipokatwa mvule pakaota vichaka, komba hujificha kuliko kwenye msitu uliosimama. Tukitumia kadirio moja kote, huenda tunamtangaza hayupo palepale anapojificha vizuri zaidi.

Nilimweleza babu yote haya. Akanyamaza, kisha akasema nyuma ya mikorosho yake kuna kinacholia kila alfajiri. Nikamwomba aigize. Akakohoa, akaanza chini, akapandisha, akapandisha. Nadhani ni komba wa Grant, aina nyingine, si wa Rondo. Nimeandika kijiji, saa, na hilo neno "nadhani" pembeni. Wiki ijayo tunalala kwake tusikilize.