Dashibodi ya maji: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

Siku hizi mradi wa maji ukianza tu utasikia "tuwekeeni na dashibodi", yaani ukurasa wa kompyuta wa kuonyesha takwimu kwa ramani na chati, afu kinachotoka ni ramani yenye vidoti vya kijani na vyekundu, inapendeza kweli kwenye projekta ila ukifika muda wa bajeti hakuna anayeifungua. Nachukua mfano ambao yeyote anaweza kuupakua, ile data ya vituo vya maji Tanzania ya Wizara ya Maji na Taarifa (jina la jukwaa la kukusanya data), iliyowekwa DrivenData, tovuti ya mashindano ya uchambuzi wa data, kwa ajili ya shindano. Faili lina vituo 59,400, vingi vilikaguliwa kati ya 2011 na 2013. Ni ya zamani, sawa, lakini mitego yake ndo hiyo hiyo ya leo.

Dhana: data ikishaingia kwenye mfumo ni safi, wewe chora tu.

Aisee. Vituo 1,812 vina longitudo sifuri, yaani ukivimwaga kwenye ramani vinatokea baharini Ghuba ya Guinea huko, wakati ni vituo vya Mwanza na Shinyanga. Na mwaka wa ujenzi je? Vituo zaidi ya elfu 20 vimejazwa 0 kwa sababu aliyekuwa anajaza hakujua, sasa ukipiga wastani bila kuangalia unapata mwaka 1300, kwamba pampu zetu zilifungwa Ibn Battuta, yule msafiri wa karne ya 14, bado hajazaliwa achilia mbali kufika Kilwa. Hiyo utaicheka kwa sababu inaonekana, isiyoonekana ni idadi ya watu, nayo ina sifuri kibao, na ukiziacha hivyo kijiji kizima kinahesabiwa hakina mtu na kwenye mgao kinarukwa. Sifuri ya "hakuna" na sifuri ya "hatujui" zisikae rangi moja. Weka kijivu, andika "haijulikani", hata kama bosi hapendi kijivu.

Dhana: kituo kinafanya kazi au hakifanyi, basi.

Hapa ndo pesa inapotea. Data ina hali tatu: vinavyofanya kazi 32,259, vibovu 22,824, na katikati 4,317 vinavyotoa maji ila vinahitaji matengenezo. Wengi wanavibeba hivyo vya katikati wanavitupa kwenye kijani, asilimia inapanda kutoka 54 hadi 62 na kila mtu anafurahi. Kumbe kwa mtu wa mipango hicho ndo kikundi cha kuanza nacho, maana pengine tatizo ni bomba la kupandisha maji, vali au washa (ile ringi ya kuzuia maji yasivuje), kitu ambacho chombo cha watumia maji kikisaidiwa mapema kinamaliza chenyewe, ukisubiri mpaka kiwe chekundu unaanza kuongelea kuchimba upya. Mimi ningekipa ukurasa wake, tena wa kwanza.

Dhana: asilimia ya wanaopata maji inajitosheleza.

Sera ya Maji ya 2002 kwa vijijini iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo ndani ya mita 400, watu 250 kwa kituo. Ni vigezo vitatu, dashibodi inaonyesha kimoja. Mita 400 haihesabu foleni, wakati kipimo cha kimataifa cha huduma ya msingi kinataka zisizidi dakika 30 kwenda, kupanga foleni na kurudi. Na maji kutoka bombani siyo lazima yawe salama kunywa, waulize watu wa Arusha kuzunguka Meru habari ya floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita na kule kuna vyanzo vinavyopita hapo vizuri tu.

Dhana: lazima iwe laivu, iwe na kihisi (sensor) kila kisima.

Bajeti ya serikali inaanza Julai 1, maamuzi yanafanyika miezi kabla. Mpangaji hahitaji kujua pampu ilitoa maji saa nne asubuhi, anahitaji kujua mara ya mwisho mtu alifika pale lini. Tarehe ya ukaguzi iandikwe kubwa pembeni ya kila namba, basi.

Halafu kitu kidogo ambacho wabunifu hawakiwazi: diwani hafungui dashibodi, anapewa fotokopi kwenye kikao, nyeusi na nyeupe. Kijani na nyekundu zako pale zote ni kijivu. Tumia na maumbo, duara na msalaba, na uiprinti mwenyewe kabla hujaituma.