Kazi ya Kiangazi Kwenye Makumbusho ya Sayansi: Mzazi, Usiipuuze

Shule za Marekani zikishafungwa kwa kiangazi, kijana wa familia yenye kipato kidogo hutafuta kibarua: dukani, mgahawani, popote penye malipo. Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo yasiyo na ujira, hata yawe mazuri namna gani, huishia kwa watoto wa wenye nazo.

Yapo makumbusho yanayolipa. Exploratorium ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer (mdogo wake yule Oppenheimer wa bomu la atomiki), huajiri wanafunzi wa sekondari kuwa wafafanuzi, yaani wanaowaeleza wageni vitu vinavyoonyeshwa. Kule Queens, sehemu ya jiji la New York, makumbusho ya New York Hall of Science yana utaratibu wa aina hiyo tangu 1986: kijana huanza kwa kuwahudumia wageni, kisha hupandishwa daraja kadiri anavyoimudu kazi.

Kazi moja maarufu ya wafafanuzi wa pale San Francisco ni kupasua jicho la ng'ombe mbele ya watu. Kijana hukata ganda jeupe la nje, gumu kweli, akatoa lenzi na kuiweka juu ya gazeti. Herufi zilizo chini yake zinakuzwa. Nyuma ya jicho kuna utando unaometameta buluu na kijani, unaomsaidia ng'ombe kuona kwenye mwanga hafifu. Sisi hatuna. Mtoto wa miaka sita akiuliza kwa nini hatuna, mfafanuzi hana pa kukimbilia, na alichokariri darasani hakitamwokoa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sayansi inapomwingia.

Vijana Weusi, Walatino na wenyeji asilia bado ni wachache katika fani nyingi za sayansi na uhandisi nchini humo. Watoto wa familia zetu zilizotoka Kongo na Burundi nao wamo katika kundi hilo.

Sasa, mzazi, usingoje Juni. Nafasi nyingi hutangazwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anza kuulizia Januari. Katika majimbo kama New York na California, aliye chini ya miaka 18 huhitaji kibali cha kazi, na kwa kawaida hushughulikiwa kupitia shule. Alama za wastani zisimtishe. Kazi hii inadai mtu anayewahi na anayeweza kuzungumza na mgeni asiyemjua. Na kwenye fomu aandike lugha zote anazozijua, Kiswahili kikiwemo, maana wanaoingia mlangoni pale Queens hawatoki kwenye nyumba za Kiingereza peke yake.