Jemani Shepadi hakuja na Mjerumani wa Abushiri: maneno ya wauza mbwa wa Tanga

Ukipita Ngamiani jioni ukamkuta jamaa na boksi lake la watoto wa mbwa, hata bei hujauliza ushaanza kusomewa historia, eti hawa ni Jemani Shepadi pyua, mababu zao walishuka melini hapahapa Tanga na Wajerumani wa kwanza, wakalinda mashamba ya mkonge, halafu wana damu ya mbwa mwitu ndo maana bei imechangamka. Watu wanalipa kweli.

Tuanze na hiyo meli. Miaka inagoma bana. Abushiri, aliyepigana na Wajerumani wa kwanza, kanyongwa Pangani Desemba 1889, mkonge Mjerumani Hindorf kauleta 1893, na reli ya Usambara ikaanza kujengwa kutokea Tanga mwaka huohuo. Jemani Shepadi kama aina yenye daftari la ukoo imeanza 1899! Aprili 3 mwaka huo kapteni mmoja wa wapanda farasi, Max von Stephanitz, alikuwa kwenye maonyesho ya mbwa Karlsruhe kule Ujerumani, akaona dume la kuchungia kondoo linaitwa Hektor Linksrhein, likamkosha, akalinunua papo hapo akalibadili jina likawa Horand von Grafrath, na Aprili 22, wiki tatu hazijaisha, chama kishaundwa na Horand kaandikwa namba moja kwenye daftari. Wajerumani wa kwanza kama walikuja na mbwa basi walikuja na mbwa wengine. Walioletwa baadaye sawa, hilo sibishi.

Eti aliumbwa kwa ajili ya vita na polisi. Hapa ndo watu wanapotea sana. Mababu zake walikuwa mbwa wa wachungaji wa kule Thuringia, Württemberg na mikoa mingine, kila sehemu na umbo lake, wengine masikio wima wengine yamelala, na kazi yenyewe haikuwa kung'ata mtu. Kule kondoo walikuwa wanalishwa kwenye vipande vya majani katikati ya mashamba ya watu na uzio hakuna, kwa hiyo mbwa anakimbia mchakamchaka mpakani kutwa nzima, huku anarudi kule anakwenda, kama ukuta wenye miguu, kondoo akinyoosha shingo kwenye ngano ya jirani anarudishwa. Huko ndiko alikopata ile pumzi na ile tabia ya kumwangalia bwana wake usoni akisubiri neno. Sasa viwanda vikaja, kondoo wakapungua, Stephanitz akaona mbwa wake atakosa ajira, akaanza kuwapigia debe polisi na jeshi wamchukue. Polisi ilikuwa kazi ya pili. Tena 1916, vita ikiendelea, Ujerumani wakafungua shule ya kuwafundisha waongoze wanajeshi waliopofuka, na hao hao Shepadi ndo walikuwa wa mwanzo, lakini sifa hiyo muuzaji hakutajii.

Damu ya mbwa mwitu nayo, mh. Kwanza mbwa mwitu tunayemjua sisi, yule wa Mkomazi mwenye mabaka na vidole vinne miguu ya mbele, hazai na mbwa wa nyumbani hata uwafungie chumba kimoja. Anayesemwa ni yule wa Ulaya, na mbwa wote wametoka kwenye ukoo wake mpaka koko anayelala chini ya meza ya muuza samaki. Wapo waliochanganywa makusudi, Chekoslovakia walianza jaribio hilo 1955 kwa kupandisha Shepadi na mbwa mwitu wa milima ya Karpati, ila waliotoka humo ni aina nyingine yenye jina lake, hawaitwi Shepadi.

Alseshan ni mbwa mwingine? Ni huyohuyo. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza hawakutaka kusikia chochote chenye Ujerumani ndani, wakambatiza jina la Alsace, eneo la mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na chama chao cha mbwa kikarudisha jina la zamani 1977.

Mweupe je? Watu wanadhani ni chotara, kumbe weupe umo ndani ya ukoo tangu mwanzo, babu yake Horand mwenyewe alikuwa mweupe, ni sheria za maonyesho tu zilizokuja kuukataa. Na masikio, jamani, mtoto wa miezi miwili masikio kulala ni kawaida, mengi yanasimama kwenye mwezi wa nne mpaka wa sita, mengine yanasimama yanalala tena wakati anabadili meno. Anayekuambia "masikio yamelala huyu feki" anakuchanganya, na anayekuuzia wa miezi miwili akidai masikio ndo ushahidi wa upyua naye hana ushahidi wowote.

Mgongo ulioinama nyuma ndo unanichosha zaidi, maana watu wanaushangilia kama alama ya upyua. Picha za Horand zipo, mgongo wake umenyooka. Kule kuinama kumekuja miongo ya baadaye kwa ajili ya majukwaa ya maonyesho, na aina hii tayari ina ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, kwa hiyo waombe wakuonyeshe mama na baba wakitembea, ukiona miguu ya nyuma inapepesuka usichukue mtoto wao hata akushushie bei.